Bihogo Anakuja, Bihogo Inakuja

Masisi, tarehe 5 Juni

Dada Anastasie,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Ukimaliza kusoma, usiifiche barua hii ndani ya Biblia, maana hapo ndipo kila mtu anapoanza kutafuta. Itie motoni chini ya sufuria. Usimwambie mtu neno hata moja, si padri, si Déo dereva aliyekuletea. Déo anajua tu kwamba amebeba fromaji, jibini ya huku kwetu.

Ni kuhusu filamu yako ya Papa Semana.

Unajua jinsi tunavyofanya kazi hapa. Mimi ni karani wa televisheni ndogo. Filamu ikifika, ninajaza fishi yake, karatasi ya maelezo: jina, muda, lugha, muhtasari. Kama lugha si Kiswahili, ninaandika na maandishi ya chini ya picha. Halafu karatasi zinakwenda mbele ya kamati ya kusoma, siku ya Jumanne. Nayo inaitwa ya kusoma kwa sababu inasoma kweli, haiangalii. Umeme wa sola unatosha mtambo wa kurushia tu, hautoshi kuwasha televisheni ya ofisi kwa ajili ya watu sita.

Unajua pia tunachongojea. Tangu matangazo yawe ya kidijitali, dekoda moja inaleta chaneli thelathini kwenye nyumba ya mtu, na katika hizo zote hakuna mtu anayeongea kama sisi. Mama yangu anajua ugomvi wa familia za nchi ambazo hawezi kuzionyesha kwenye ramani. Tumepewa nafasi moja, kwa sharti kwamba mwisho wa Juni tuwe na vipindi vyetu wenyewe. Tusipokuwa navyo, nafasi inarudi kwa zile hadithi zenye sauti za kubandikwa. Filamu yako ndiyo ilikuwa ya kwanza. Niliifanyia kazi kwa moyo wote, ndiyo sababu nimeharibu.

Haya ndiyo niliyoandika:

*Bihogo anakuja, vilima vinanyamaza.*
*Mkuki wake mmoja unaelekea Karuba, wa pili unaelekea Mushaki.*
*Aliyemzuia njiani hakurudi kusimulia.*
*Wanawe wanamfuata, bonde limejaa.*

Na kwenye muhtasari: "Mzee amesimama kando ya ziwa, Shasha. Anainua mikono yote miwili juu. Anamsifu Bihogo."

Jana Papa Grégoire, yule mjumbe aliyetoka Kisangani mwaka huu, aliweka kalamu chini. Aliuliza, "Huyu Bihogo njo nani? Iko musitu gani?" Mjumbe mwingine akauliza hao wana waliojaza bonde ni wangapi, na kama wana vyeo. Walidhani ni kamanda wa porini. Mkurugenzi wetu, Papa Callixte, aliangalia meza. Halafu wote wakaniangalia mimi.

Dada, nilijua. Nilijua tangu neno la kwanza kwamba Bihogo ni ng'ombe. Nimekua na sifa hizo masikioni. Lakini kusema mbele ya watu sita kwamba ninaelewa kilugha cha wafugaji, siku hizi, hapa, ambapo kilugha hicho kinatosha mtu ashukiwe, na jina hili langu la kilugha hichohicho, Tuyizere, ambalo ofisini siliweki hata kwenye sahihi! Nilisema, "Nitauliza, Papa."

Nimeamriwa kuandika barua ya kumwita Papa Semana afike tarehe 20 aeleze Bihogo ni nani. Unajua siku hizi mtu akiitwa kueleza neno moja anaweza kuulizwa maneno mia, tena na watu wengine, mahali pengine. Barua nimeiandika. Iko kwenye droo yangu. Sijaituma.

Una picha yoyote yenye ng'ombe ndani, hata mkia? Ibandike mwanzoni. Na uniambie nakala ya filamu iko kwako peke yako.

Nijibu kwa Déo akipandisha mafuta ya mawese. Karatasi uikunje ndani ya kifuniko cha bidoni, lile dumu lenye kamba nyekundu. Usiandike jina langu.

S.

*

Walikale, 8 Juni

Kaka Sylvain, na jina lako ninaliandika,

Barua yako ilinuka fromaji mpaka paka wa mama Astrid, mwenye nyumba yangu, akanifuata chumbani. Mlango nilifunga. Paka alisoma.

Ngombe hakuna. Hata mukia. Nilipofika Shasha kumupiga picha Papa Semana, nilimuomba tutafute ngombe ya mutu asimame nayo karibu. Alinitazama kama vile nimemuambia avae kanzu ya mufu. Alisema Bihogo haisifiwi mbele ya ngombe ingine, ni kuitukana Bihogo na ni kuidanganya ile ingine. Basi nikamupiga yeye, na ziwa, na mikono yake. Wewe unajua ile mikono ni nini. Ni pembe. Yake ilikuwa na pembe zenye kuachana, moja huku, moja kule. Alipokimbia Karuba miaka tatu iliyopita, alikimbia na fimbo tu. Bihogo ilianguka njiani, ndama yake ikapotelea mu mashamba ya watu. Alichobaki nacho ni yale maneno. Kila asubuhi anaenda kuyasema kando ya maji, wavuvi wamemuzoea. Wanamuita Papa Bihogo.

Sasa nikuonyeshe kosa lako, maana hujaliona. Soma mustari wako wa kwanza kwa sauti. "Bihogo anakuja." Nani kwetu anasema vile? Ngombe haiji "anakuja". Ngombe *inakuja*. Mama yako angesema "inakuja", mama yangu angesema "inakuja", hata Papa Grégoire wa Kisangani angesema "inakuja". Kwa kilugha cha Papa Semana, sauti moja tu mbele ya neno inaonyesha kama ni mutu ao ni ngombe. Wewe na shule yako mulichukua ngombe ya watu, mukaivalisha suruali na buti. Kiswahili chako kizuri njo kilimupa Bihogo jeshi.

Dawa iko ndogo. Simama, sema: ni ngombe. Maneno mawili. Usiponitajia siku umeyasema, nitakuja kuyasema mimi na hii sauti yangu.

Kuhusu nakala, usijali.

Anastasie

*

Masisi, tarehe 13 Juni

Dada Anastasie,

Nimesoma mstari wangu kwa sauti, chooni, nikiwa nimefungua maji ili nisisikike. Umesema kweli.

Shule ya msingi, mwalimu wetu alikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Aliyesema "ngombe inakuja" alikivaa shingoni mpaka mwingine akosee. Mimi nilikivaa siku moja tu. Tangu hapo sikukosea tena, na mwisho wa mwaka nilipewa daftari jipya kwa Kiswahili bora. Daftari hilo ninalo bado. Sikuwahi kufikiri kwamba "a" moja iliyo sahihi inaweza kumpeleka mzee mahali pabaya.

Nilijaribu kutengeneza. Jumatatu nilichukua fishi nikaandika pembeni kwa kalamu ya risasi: *Bihogo ni ng'ombe.* Nilikaa nikiyatazama maneno yale kama nusu saa. Papa Callixte alipofungua mlango niliyafuta kwa kidole. Sasa pale pembeni pana doa la kijivu, nalo linaonekana zaidi kuliko maneno yenyewe.

Lakini siyo hilo lililonifanya niandike leo. Jana muuza maziwa alipita dirishani mwetu, bidoni kichwani, akisema kwa sauti: Bihogo, vilima vinanyamaza. Nilitoka mbio nikamuuliza ameyasikia wapi. Akasema, "Si mu telefone? Kila mutu iko nayo." Nikaiona, dada. Papa Semana mwenyewe, mikono juu, kwenye kioo kilichopasuka, na maandishi yangu chini, na "a" zangu zote.

Uliandika "usijali". Nimelitazama neno hilo tena na tena, nikaona kwamba hukusema nakala ni moja. Uliniambia tu nisijali. Ningekuwa wewe ningeona aibu, lakini mimi nami siyo mtu wa kumwambia mwingine aone aibu.

Papa Callixte ameniuliza kama barua ya mwito imefika Shasha. Nimesema ndiyo. Iko bado kwenye droo. Mpango wangu ni huu: tarehe 20 Papa Semana hatafika, kamati itasema mzee amekataa, filamu itatupwa, na yeye hatajua kitu. Tutapoteza nafasi kwenye dekoda, lakini mtu atabaki kwake. Baada ya hapo nadhani nitaomba ruhusa niende kwa shangazi yangu Aurélie.

Mwambie Déo asiimbe barabarani. Ukijibu, tumia bidoni isiyo na kamba. Ile nyekundu imeanza kujulikana.

S.

*

Walikale, 16 Juni

Kaka Sylvain,

Ni kweli, nilikuficha. Nilimupa Déo ile filamu mu telefone yake siku ileile niliimaliza, mbele hata haijafika kwako. Maandishi yako yalipokuja nikaibadilisha na yenye maandishi. Déo anaonyesha kila pahali anasimama kujaza mafuta. Sikukuambia kwa sababu ungekufa. Naomba pole kwa kukuficha, lakini kwa kuonyesha, siombi.

Ngoja nikuambie kitu kilitokea hapa. Niliionyesha mu sale ya parokia, ile ukumbi ya mikutano, kwa shuka nyeupe. Hapa Walikale ni watu wa pori, wengi hawajachunga ngombe hata siku moja. Nilifikiri watalala. Ilipoisha, muwindaji mumoja, Papa Samy, mufupi kama mimi, akasimama kule nyuma, akasema: kama yule anasifu ngombe, mimi nina mbwa. Watu wakacheka. Akasifu mbwa yake pale pale, na kengele yake ya muti shingoni, na nyama ilizoleta, na siku ilimuonyesha njia mu ukungu. Mwisho hakuna mutu alikuwa anacheka. Nimemupiga picha. Na mama mumoja ameniomba nije kumupiga akisifu jiwe lake la kusagia, lilikuwa la bibi yake. Sylvain, hii si filamu moja. Hii ni kipindi. Kila juma mutu mumoja anasifu kitu chake kwa maneno ya kwao. Chaneli zote thelathini za dekoda hazina hiyo.

Sasa kaa chini mbele ya kusoma yanayofuata.

Kama wewe hukutuma barua, mimi nimetuma neno. Papa Semana anajua yote. Hakukasirika. Aliuliza tu: "Wanataka kujua Bihogo ni nani? Miaka tatu hakuna mutu ameniuliza." Anakuja tarehe 20, na kofia yake ya kanisa. Huwezi kumurudisha, ameisha kuondoka kwa miguu mpaka Sake, na kule atapata gari.

Kwa hiyo wewe njo utakuwa naye mule ndani. Hakuna mwingine mwenye kuelewa atakuwa ameketi upande wake.

Shangazi Aurélie atangojea.

Anastasie

*

Masisi, tarehe 22 Juni

Dada Anastasie,

Barua yako ilinifika tarehe 18, sikuijibu kwa woga. Leo ninaandika mezani ofisini, mchana, mlango wazi.

Alifika saa tatu. Kofia ya kanisa, fimbo, koti lenye kifungo kimoja. Alipita kila kiti akasalimu watu sita kwa mikono miwili, na mimi nikiwa wa saba. Papa Grégoire alikuwa na karatasi yangu mbele yake, amepiga mstari mwekundu chini ya Karuba na chini ya Mushaki. Akamuuliza kwa heshima, siwezi kusema uongo, "Papa, tuambie. Huyu Bihogo njo nani kwako?"

Papa Semana akajibu, "Ni mama ya nyumba yangu."

Wakaandika. Niliona kalamu zikiandika *mke*. Papa Grégoire akauliza sasa huyo mama yuko wapi, na ile mikuki alipewa na nani. Mzee akasema, "Alizaliwa nayo." Mjumbe aliye karibu na dirisha akapiga ulimi. Nilimwona mzee akiangalia huku na huku, hajui amekosea nini. Alikuwa anaongea Kiswahili cha kuwaheshimu, dada. Alikuwa anasema "alizaliwa" kwa sababu yuko ofisini. Naye alikuwa amekivaa kile kipande cha ubao.

Nilisimama. Magoti yangu yaligonga meza, chupa ya wino ikaanguka, ndiyo maana karatasi hii ina doa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya kurasa mbili. Sikusema hata neno lake moja. Nilichukua karatasi iliyokuwa mbele ya Papa Grégoire, sijui nilipata wapi mkono huo, nikasoma kama mama yangu angesoma:

"Bihogo inakuja, vilima vinanyamaza. Mukuki yake moja inaangalia Karuba, ya pili inaangalia Mushaki. Mwenye aliizuia mu njia hakurudia kusimulia. Batoto yake inaifuata, bonde imejaa."

Papa Grégoire akasema, "Rudilia."

Nikarudilia. Nilipofika kwenye mikuki, Papa Semana aliinua mikono yake yote miwili, polepole, mmoja huku na mmoja kule, na shingo yake ikanyooka. Papa Grégoire akaitazama mikono ile. Akatazama karatasi. Akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea, "Ngombe?"

"Ngombe, Papa," nikasema.

Akaniuliza mimi nimejuaje. Hilo ndilo swali nililolikimbia siku kumi na sita. Nilimjibu kwamba kwetu tulikuwa nazo, na baba alizisifu vile jioni zikirudi, na ninaitwa Tuyizere. Ndipo Papa Callixte, ambaye tangu mwanzo alikuwa anatazama meza, akasema bila kuinua kichwa: "Ya kwetu iliitwa Gaju." Kumbe naye. Miaka miwili tunashiriki ofisi moja, kila mmoja anamficha mwenzake ng'ombe wake.

Kama mambo yangeishia hapo, ningeshukuru. Lakini Déo alikuwa ameonyesha ile filamu kila aliposimama, kama ulivyosema, mpaka Karuba. Saa sita mlango ulisukumwa, akaingia mama mmoja ana matope mpaka magotini, na nyuma yake Déo akinifanyia ishara kwamba si yeye. Alijitaja: Epiphanie, mkulima wa maharagwe wa Karuba. Akauliza, "Hapa njo kwenye televisheni inatafuta mwenye Bihogo?"

Papa Callixte akasema hakuna anayetafuta mtu. "Basi mimi ninamutafuta," akajibu. Miaka mitatu iliyopita ndama moja iliingia mu maharagi yake, ikala msimu mzima. Alingoja mwenyewe aje. Hakuja. Watu waliokuwa wanapita kuuliza mali ya waliokimbia, aliwaambia ni yake, aliinunua Shasha kwa samaki. Aliipa jina la Mugeni kwa sababu hakulijua la kwake. Imekua, na pembe zake zimekataa kwenda pamoja: moja inaangalia Karuba, ya pili Mushaki. Alipomsikia mzee kwenye telefone ya Déo, aliacha jembe shambani. "Nilisema, huyu anaongea juu ya mama ya ile ya kwangu."

Akatoa picha yake kwenye telefone. Papa Semana aliishika mbali, kisha karibu. Hakulia. Alimuuliza kama inapenda majani ya maharagi. Mama Epiphanie akasema inapenda sana, ni mwizi. Mzee akasema, "Mama yake pia ilikuwa mwizi. Hilo sikulitia mu sifa."

Papa Grégoire ndiye aliyecheka kwanza. Halafu akaomba tuiangalie filamu. Vichwa kumi juu ya telefone ya mama Epiphanie. Dada, ilikuwa mara ya kwanza kamati ya kusoma kuangalia kitu.

Si kila kitu kimekwenda vizuri. Karatasi yenye mistari myekundu imebaki kwenye faili, Papa Grégoire alisema karatasi haitolewi. Tumepewa nusu saa tu, kila Alhamisi, kuanzia tarehe 4 Julai. Na mzee bado hawezi kuishi Karuba kwa usalama, amerudi Shasha. Mugeni itabaki kwa mama Epiphanie. Ina mimba. Wamekubaliana maziwa ni ya mama, na jina la ndama atalitoa Papa Semana, kwa telefone, mbele ya kamera yako.

Kipindi chako kimepitishwa. Kamati imeamua maandishi ya chini yaandikwe kwa Kiswahili cha nyumbani, na mimi nimeongeza mstari mmoja kwenye fishi: *Anayesifiwa ni mtu, mnyama ao kitu?* Kwa Papa Samy jaza mwenyewe, ili nisiipe mbwa yake kikosi. Ile barua ya mwito niliitoa kwenye droo nikampa Papa Callixte, nikamwambia nilimdanganya. Aliikunja akaiweka mfukoni mwake.

Alhamisi ya kwanza nataka uwe hapa. Kifuniko cha bidoni hakihitajiki tena. Panda na Déo mpaka Masisi, ushuke penye mnara wa kurushia. Kuna nyumba ya mabati ya buluu na mama anayeuza mandazi mlangoni. Usinong'one. Muulize kwa sauti Sylvain Tuyizere, yule wa televisheni, yule aliyeangusha wino. Atakuonyesha. Kama hayupo, muulize mtu yeyote nyumba ya mwenye kusema Bihogo *inakuja*, watakuleta mpaka kwangu.

Kaka yako,
Sylvain Tuyizere
Karani, Masisi